Sauti ya mzee haiuzwi kwa bei ya kanda

KUNA mama mmoja wa Uthiru, pale kando ya Waiyaki Way ukishaipita Kangemi, ambaye ameniletea swali lililoninyima usingizi kwa siku mbili. Jina lake nitaliacha kando, maana jambo lenyewe ni la nyumbani na wanaogombana ndani yake bado wanakula chungu kimoja.

Baba mkwe wake, mzee aliyeipita miaka themanini, alikuwa mpigaji hodari wa kodiani, kile kinanda cha kuvuta na kusukuma kwa mikono, katika ngoma ya mwomboko. Chini ya kitanda cha mzee mna sanduku la bati, na ndani ya sanduku mna kaseti kumi na moja. Alizirekodi mumewe mama huyu, ambaye sasa ni marehemu, katika miaka ya mwanzo ya 1990. Mzee anavuta kodiani na kuimba, huku rafiki yake akigonga karing'aring'a, ile pete ya chuma inayoutia mwomboko mwendo. Rafiki huyo naye ametangulia mbele ya haki. Vidole vya mzee vimekakamaa kwa baridi yabisi. Kwa hivyo, msomaji, sauti hiyo haiwezi kurekodiwa tena. Kaseti zikienda, imekwenda.

Sasa mashemeji wawili wa mama huyu wamevutana. Mmoja amempata mfanyabiashara wa mjini aliye tayari kuzichukua kaseti zote, kuzisafisha, kuzitia kwenye intaneti na kulipa pesa taslimu mara moja tu. Pesa hizo, anasema, zitamalizia paa la vyumba vya kupangisha ambavyo vimekwama. Wa pili hataki hata kusikia. Yeye amesoma habari za kampuni ndogo za Ulaya ambazo kazi yao ni kutoa muziki wa klasiki peke yake, na anataka familia ianzishe lebo yake. Mama, ambaye ndiye anayempikia mzee uji asubuhi na jioni, ananiuliza: lebo ni kitu gani hasa, huanzishwa vipi, na je, ni jambo la watu kama sisi?

Nimeona nimjibu hapa hadharani, kwa kuwa masanduku ya namna hiyo yako mengi, kuanzia Kinoo hadi Kisumu.

Tuanze na hilo neno klasiki, kwani najua kuna msomaji ambaye amekwisha kucheka. Mkenya akiambiwa muziki wa klasiki, huona fidla, suti nyeusi na watu waliokatazwa kukohoa. Na kweli muziki huo tunao. Chuo cha muziki tunachokiita Kenya Conservatoire kilianzishwa hapa Nairobi mwaka 1944, na Nairobi Orchestra ni ya miaka hiyo hiyo ya 1940. Tangu mwaka 2008 watoto wa Korogocho wamekuwa wakifundishwa fidla na tarumbeta katika mpango wa Ghetto Classics, na atakayesema muziki huo si wao akawaambie mwenyewe.

Lakini klasiki si jina la ala. Ni muziki uliowazidi umri waliouanzisha, wenye kanuni zake, walimu wake na adabu zake za kusikilizwa. Kwa kipimo hicho, nyatiti ya Wajaluo ni klasiki. Obokano ya Wakisii ni klasiki. Taarab ya Lamu na Mombasa ni klasiki, na vivyo hivyo gicandi ya Wakikuyu, yale mashairi marefu yaliyoimbwa kwa kibuyu mkononi. Na mwomboko je? Utaniambia kodiani ilitoka Ulaya na kwamba ndani ya mwomboko, uliovuma Mkoa wa Kati katika miaka ya 1940, mna hatua za dansi za Wazungu. Sikatai. Lakini hata fidla mababu zake walitoka Asia, na hakuna anayewaambia Wajerumani wairudishe.

Haya, kama klasiki tunazo, ni nani aliyezirekodi? Hapo ndipo pana uchungu kidogo. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walipanda meli kutoka Unguja hadi Bombay, India, ili wakarekodi santuri za His Master's Voice. Sauti kubwa kuliko zote za pwani yetu ilibidi ivuke bahari ndipo iingie kwenye santuri. Mwaka 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyekuwa akiishi Afrika Kusini, alipita Kenya na mitambo yake akirekodi vijijini, na mwaka 1954 akaanzisha huko Afrika Kusini maktaba ya muziki wa Afrika ambayo mpaka leo inategemewa na watafiti. Tumshukuru, maana bila yeye mengi yangepotea. Hata hivyo, aliyetaka kumsikia babu yake alihitaji pasipoti.

Kuna kisa kingine ambacho hunichekesha na kunikera kwa pamoja. Missa Luba ni misa iliyokusanywa kutoka nyimbo za Wakongo na Guido Haazen, mtawa Mbelgiji, ikaimbwa mara ya kwanza Kamina, Katanga, mwaka 1958. Ikaja ikaimbwa na kwaya yetu ya Muungano chini ya Bw Boniface Mganga, na rekodi hiyo ikatolewa mwaka 1990 na Philips, kampuni ya Uholanzi. Wimbo wa Kongo, mtawa wa Ubelgiji, koo za Kenya, lebo ya Uholanzi. Koo zilikuwa zetu. Lebo ndiyo tuliyokosa.

Si kwamba hatukuwa na lebo kabisa. Mombasa kulikuwa na duka la Assanand & Sons ambalo lilikuwa na lebo yake iliyoitwa Mzuri. Santuri za taarab zilizotolewa na duka hilo katika miaka ya 1960 na 1970 ndizo zilizokuja kukusanywa upya miongo kadhaa baadaye na kampuni ya Ufaransa, Buda Musique, katika mfululizo wake wa Zanzibara. Fikiria hilo kidogo: muuza duka wa Mombasa alirekodi alichojua wateja wake watanunua, na bila kujisumbua na maneno makubwa akawa ameihifadhi enzi nzima.

Hapa Nairobi nako, River Road ilikuwa imejaa lebo. Mwanamuziki alikodi studio kwa saa, akalipia santuri zichapwe, akabuni jina, akaandika jina hilo kwenye karatasi ya mviringo katikati ya santuri, na hiyo ndiyo iliyokuwa lebo yake. Marehemu Joseph Kamaru alikuwa mmoja wa waliosimamia na kuuza kazi zao wenyewe badala ya kungoja kuuziwa. Kaseti zilipokuja, mtu yeyote mwenye redio ya milango miwili akawa mchapishaji, na wezi wa nyimbo wakawamaliza wenye nyimbo.

Hiyo ndiyo hali aliyoikuta Bw Tabu Osusa. Huyu si mgeni katika muziki. Alikwisha fanya kazi ya kutunga na kutayarisha nyimbo kwa miaka mingi, na ndiye aliyekuwa nyuma ya kundi la Nairobi City Ensemble. Mwaka 2007 alianzisha lebo ya Ketebul Music katika GoDown Arts Centre, Dunga Road, kule Industrial Area. GoDown yenyewe ilikuwa ghala la kutengenezea magari kabla ya wasanii kuhamia humo mwaka 2003. Ketebul ni neno la Kijaluo, maana yake ni vijiti vya kupigia ngoma. Jina hilo pekee linakueleza nia ya mtu. Hakuiita nyota wala dhahabu, aliiita kifaa cha kazi.

Msomaji, angalia vizuri lebo hiyo ilivyoanza, maana hapo ndipo jibu la mama wa Uthiru lilipo. Haikuanza kwa kuwatafuta vijana wanaovuma ili iwauze. Ilisajiliwa kama shirika lisilo la kujipatia faida, na kazi yake ikawa kutafuta, kuhifadhi na kutangaza muziki wa asili wa Afrika Mashariki. Toleo lililoipa sifa lilitoka mwaka 2008 na linaitwa Retracing the Benga Rhythm. Ndani ya jalada moja mlikuwa na sahani ya kusikiliza, sahani ya kutazama na kijitabu. Walisafiri, wakawahoji wazee waliokuwa bado hai, wakaeleza jinsi vidole vya mpiga nyatiti vilivyohamia kwenye gitaa na kuzaa benga. Mwaka 2010 wakatoa la muziki wa Wakikuyu, mwaka 2011 la nyimbo za fanki za Kenya, na mwaka 2013 la nyimbo za kupinga dhuluma. Mwaka 2017 kikatoka kitabu kizima, Shades of Benga, kinachosimulia muziki wa Kenya kuanzia 1946 hadi 2016.

Mimi binafsi nakithamini kile kijitabu kuliko sahani zenyewe. Sahani nyingi za kwetu hukueleza jina la mwimbaji na namba ya simu ya muuzaji, basi. Nani alipiga gitaa la pili? Wimbo ulitungwa lini? Ulimhusu nani? Hakuna. Ketebul walichukua muda kuandika. Wenzetu wa lebo za klasiki huko Ulaya wamefanya hivyo tangu zamani, na ndiyo sababu mtu hununua rekodi ya wimbo ule ule mara tatu, kila mara kwa mpigaji tofauti na maelezo tofauti. Rekodi bila maandishi ni kama mtoto aliyepotea sokoni bila kujua jina la baba yake.

Kisha kuanzia mwaka 2011, Ketebul wakishirikiana na wakfu wa Abubilla Music kutoka Uingereza, wakaanza mpango wa Singing Wells. Badala ya kumwita mzee aje mjini, wao walifunga studio ndani ya gari na kumfuata kwake, wakamrekodi uani, kuku wakipita. Walifika Kenya, Uganda, Rwanda na kwingineko. Mwaka 2014 wakafanya jambo ambalo kwangu ndilo kubwa zaidi: pamoja na ile maktaba ya Hugh Tracey, walizirudisha Kenya nakala za rekodi za 1950. Katika nchi ya Wakipsigis walimkuta hai mzee mmoja aliyerekodiwa akiwa kijana. Miaka 64 ilikuwa imepita. Wewe hebu jaribu kufikiri: unaletewa sauti yako ya ujana mlangoni, na wajukuu wamekaa kimya wakikutazama.

Nisikupambie mambo, lakini. Kazi za Retracing zilitegemea sana msaada wa Ford Foundation, na mfadhili ana siku zake. Akiondoka, studio hubaki na bili ya umeme. Ndiyo maana siwezi kumwambia shemeji wa pili, yule mwenye ndoto ya lebo, kwamba akisajili jina kesho atapata gari kesho kutwa. Muziki wa kale hauuzwi haraka. Huuzwa polepole na kwa muda mrefu, na anayeuanzisha lazima awe na kitu kingine cha kumlisha.

Hata Ulaya ni hivyo. Lebo ya Hyperion ya London ilianzishwa mwaka 1980 na Ted Perry, mtu ambaye hakuwa na mtaji wa kusemwa. Usiku aliendesha teksi, na pesa za teksi ndizo zilizolipia kurekodi. Watu walimwona kama mwendawazimu, hasa pale mwaka 1981 aliporekodi nyimbo za Hildegard wa Bingen, mtawa wa Kijerumani aliyefariki mwaka 1179. Nani angenunua nyimbo za mtawa wa miaka mia nane iliyopita? Walinunua, tena kwa wingi ambao hakuna aliyeutarajia, na faida ya rekodi hiyo moja ikaibeba lebo nzima kwa muda mrefu. Baadaye akazirekodi nyimbo zote za Schubert za sauti na piano, sahani 37, kazi iliyochukua miaka zaidi ya kumi. Wakubwa wasingeigusa. Dereva wa teksi aliigusa.

Lakini kisa cha Hyperion kina upande mwingine, na huu ndio ninaotaka mashemeji wote wawili wausome polepole. Baada ya Bw Perry kufariki mwaka 2003, lebo hiyo ilishtakiwa na mtaalamu mmoja wa muziki, Dkt Lionel Sawkins. Yeye alikuwa amezitayarisha upya noti za muziki wa Lalande, mtunzi wa mfalme wa Ufaransa aliyefariki mwaka 1726. Hyperion walisema muziki wa miaka karibu mia tatu hauna mwenyewe tena. Mahakama ikasema muziki wa Lalande ni wa wote, lakini jasho la Dkt Sawkins katika kuutayarisha lina mwenyewe. Hyperion wakashindwa mwaka 2004, wakakata rufaa, wakashindwa tena mwaka 2005, na gharama za kesi zikakaribia pauni milioni moja. Nusura lebo ife. Ilipona, ikaendelea kujitegemea mpaka mwaka 2023 iliponunuliwa na Universal.

Sasa twende Uthiru. Mfanyabiashara wa mjini huenda akawaambia kwamba mwomboko ni ngoma ya jadi, haina mwenyewe, na kwa hivyo anawafanyia hisani kuwalipa chochote. Msikubali. Ngoma ni ya jamii, naam, na tangu mwaka 2016 Kenya ina sheria ya kulinda maarifa ya jadi na utamaduni wa jamii. Lakini maneno ambayo mzee aliyatunga mwenyewe ni yake, na haki hiyo hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada yake. Na rekodi, ile sauti iliyo kwenye utepe, ni kitu cha tatu chenye haki yake. Kwa sheria ya hakimiliki ya mwaka 2001, rekodi hulindwa kwa miaka 50 kuanzia mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Kaseti ya 1992 inalindwa mpaka mwisho wa 2042.

Hiyo haki ya rekodi ni ya nani? Hapa, mama yangu, nakuomba uketi. Sheria humtazama yule aliyefanya mipango ya kurekodi. Kwa maelezo yako mwenyewe, aliyenunua kaseti, akaazima mashine na kuwaketisha wazee wale wawili alikuwa marehemu mumeo. Mashemeji zako wanavutana juu ya kitu ambacho huenda kimo katika mirathi ya mumeo, yaani chako na watoto wako, na hakuna aliyekuuliza. Mimi ni mwandishi wa gazeti, si wakili, kwa hivyo nenda kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya ukiwa na hati za usimamizi wa mirathi, uulize. Lakini usiende umeinamisha kichwa kama mtu aliyekwenda kuwaombea wengine.

Na kama kutakuwa na mkataba wowote, uwe wa maandishi. Kuhamisha hakimiliki kwa mdomo hakuna nguvu kisheria. Lazima kuwe na maandishi na sahihi. Tofautisha pia kuuza na kukodisha. Ukimkodishia mtu kwa miaka mitano, asipolipa unachukua mali yako. Ukimuuzia, utakuja kumsikia baba mkwe wako katika tangazo la sabuni na hutakuwa na la kusema. Tumeona hayo tangu enzi za Malaika, wimbo ambao dunia nzima unaujua kwa Fadhili William, ilhali marehemu Adam Salim wa Tanzania alidai mpaka mwisho kwamba aliutunga yeye. Laiti kungekuwa na karatasi moja.

Kuhusu kaseti zenyewe, zitoeni chini ya kitanda leo hii. Sakafu ina unyevu, na unyevu huufanya utepe unate na unga wake wa sumaku ubanduke. Ziwekwe zimesimama kama vitabu, mahali pakavu, mbali na spika na jua. Vunja vile vijino viwili vya plastiki juu ya kila kaseti ili mtoto asije akabonyeza kitufe chekundu na kumfuta babu yake kwa matangazo ya mpira. Usizichezeshe kwenye redio ya zamani inayokula utepe. Zizungushe kwanza taratibu kwa kalamu ya risasi, uone kama zinateleza. Kisha mtafuteni fundi mwenye mashine nzuri iliyosafishwa kichwa, azipitishe mara moja tu kuingia kwenye kompyuta, bila kuzisafisha wala kuzipamba, kwa maana anayesafisha mara nyingi hufuta na pumzi. Kupamba kutakuja baadaye, juu ya nakala. Nakala ziwe tatu katika nyumba tatu tofauti. Kaseti za awali zirudi mikononi mwako siku hiyo hiyo. Fundi akisema mwachie mpaka wiki ijayo, mwambie utarudi wiki ijayo.

Je, lebo? Mkitaka, mnaweza. Jina la biashara husajiliwa kwa gharama ndogo, na siku hizi nyimbo hutolewa kwa intaneti bila kuchapa santuri hata moja. Mjukuu wake Joseph Kamaru, ambaye wapenzi wa muziki wa kisasa wanamjua kwa jina la KMRU, amefanya hivyo hasa: baada ya babu yake kufariki mwaka 2018, amekuwa akizitoa upya nyimbo za babu kwenye intaneti kwa mpangilio mzuri, na watu wa mbali ambao hawajui neno moja la Kikikuyu wanazinunua. Hakungoja kampuni. Lakini ukitazama vizuri, aliyoyafanya ni yale yale ya Ketebul na ya dereva wa teksi wa London. Alichagua sauti moja ambayo hataki ipotee, akaandika ni ya nani, akaweka mlango ambao pesa zikiingia zinajulikana zinakwenda wapi.

Kwa hivyo nunueni daftari kabla ya kusajili jina. Kila jioni mama au mmoja wa watoto amchezeshee mzee wimbo mmoja kutoka kwenye nakala, amwachie aseme. Ulitungwa wapi? Harusi ya nani? Huyo anayetajwa katikati ni msichana gani, na kwa nini wote wawili wanacheka baada ya kumtaja? Andikeni kwa lugha anayosema yeye, msimfasirie. Akichoka, acheni. Akilia, acheni pia, ila tarehe iandikwe. Na kwa kuwa kila kaseti ina watu wawili, mwulizeni mzee nyumbani kwa yule rafiki yake ni wapi, mtu wa familia aende na sukari na majani ya chai, watoto wa mpiga karing'aring'a waitwe wasikie sauti ya baba yao na wajue kuna mazungumzo. Hilo lifanyike kabla mfanyabiashara wa mjini hajapigiwa simu tena.